Safari ya Kampala, sanduku linalozunguka au chumba cha mtaani: njia tatu za kujifunza sayansi kwa mikono

Muhula mpya unapokaribia, kamati za shule na vikundi vya wazazi huku Busia, Malaba na Tororo, mashariki mwa Uganda karibu na mpaka wa Kenya, hulazimika kuamua fedha kidogo zilizochangwa kwa ajili ya elimu ya sayansi zitumikeje. Walio wengi hupendekeza basi likodiwe, watoto wapelekwe Kampala na Entebbe, kisha warudi usiku wakiwa wamejionea mambo. Wengine wangependa kulialika shirika lenye vifaa vya kuzungushwa shuleni, ili watoto wajaribu bila kuondoka nyumbani. Wachache, nami nikiwa miongoni mwao, wanaona kwamba mji wa mpakani kama wetu unaweza kuwa na chumba chake chenyewe cha sayansi, kidogo lakini cha kudumu, ambamo mtoto, mama yake na kijana aliyeacha shule wataingia na kushika kila kilichomo. Njia hizi tatu zote ni njema, ila hazifanyi kazi moja, na kamati inayozichanganya hujikuta imelipia kitu kimoja huku ikitarajia kingine.

Nataja kipimo changu kikuu mapema ili msomaji ajue ninaposimama. Kabla sijauliza jengo ni kubwa kiasi gani au vifaa ni vingapi, nauliza ni mara ngapi mtu yule yule ataweza kurudi na kujaribu tena jambo lile lile kwa namna nyingine. Vipimo vingine vipo na nitavitaja, lakini nimeona kwamba hiki ndicho husahaulika zaidi katika mikutano yetu, na ndicho hutenganisha ziara nzuri na mafunzo yanayokaa kichwani.

Wazo lenyewe lilikotoka

Kwa muda mrefu makumbusho yaliweka kioo kati ya mtu na kitu. Mwaka 1903 mhandisi Mjerumani Oskar von Miller alianzisha Deutsches Museum mjini Munich, ambako mgeni aliruhusiwa kubonyeza kitufe au kuzungusha mpini na kuiona mashine ikifanya kazi. Mwaka 1937 Palais de la Découverte ya Paris ikaanza kufanya majaribio mbele ya macho ya watu. Aliyelifikisha jambo hili mbali zaidi ni Frank Oppenheimer, mwanafizikia Mmarekani aliyelazimika kuacha kazi ya chuo kikuu mwaka 1949 kwa sababu za kisiasa, akafuga ng'ombe huko Colorado, akafundisha sekondari ya mji mdogo, na hatimaye mwaka 1969 akafungua Exploratorium katika jiji la San Francisco. Humo mgeni anashika, anazungusha, anakosea na kuanza upya, bila mtu wa kumkaripia.

Yapo mazoea matatu ya Exploratorium ambayo naamini yanatuhusu sisi wa mpakani kuliko hata vifaa vyake vya thamani. Karakana yake iko ndani ya makumbusho, wageni wakiwaona mafundi kazini, kwa hiyo kifaa kikiharibika kinatengenezwa pale pale. Wanaosimama kando ya vifaa na kuzungumza na wageni ni vijana wa sekondari na wa vyuo wanaolipwa kwa kazi hiyo. Na tangu 1975 makumbusho hayo yalianza kuchapisha maelekezo ya namna ya kujenga vifaa vyake, ili watu wa miji mingine waweze kuiga. Hakuna hata zoea moja kati ya hayo linalodai utajiri.

Safari ya Kampala na Entebbe

Nianze na njia inayopendwa, kwa sababu ina mambo ambayo hakuna chumba cha mtaani kitakachoweza kuyatoa. Makumbusho ya Taifa ya Uganda, yaliyoko Kira Road jijini Kampala, yalianzishwa mwaka 1908 na ndiyo ya kale kuliko yote Afrika Mashariki. Jengo lake la sasa, lililochorwa na msanifu Ernst May, lilifunguliwa mwaka 1954. Humo mna visukuku vya wanyama wa kale waliochimbuliwa Karamoja, eneo la kaskazini-mashariki ambako mwaka 2011 watafiti Martin Pickford na Brigitte Senut walipata huko Napak fuvu la nyani mkubwa asiye na mkia aliyeishi miaka karibu milioni 20 iliyopita. Mtoto anayesimama mbele ya mfupa wa kweli uliotoka katika ardhi ya nchi yake hupata kitu ambacho picha ya kitabuni haiwezi kumpa, nacho ni uhakika kwamba mambo haya yalitokea, na kwamba yalitokea hapa kwetu.

Makumbusho hayo yana pia ala za muziki zilizokusanywa na kutunzwa kwa bidii katika enzi za Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wake kuanzia 1948 hadi 1957, na ambaye aliwaalika wapigaji wazipige badala ya kuziacha zinyamaze ukutani. Mwalimu wa fizikia anayejiandaa anaweza kutoa somo zima la sauti mbele ya amadinda, marimba ya vibao ya Waganda: kwa nini kibao kirefu kinatoa sauti nzito, kwa nini fundi huchonga kibao katikati ili kukirekebisha, na kwa nini ngoma ikianikwa juani sauti yake hupanda. Sijui kwa nini walimu wengi huipita sehemu hiyo wakiharakia magari ya zamani na nyumba za msonge za nyuma ya jengo, ilhali hapo ndipo utamaduni wetu na sayansi vinapokutana waziwazi.

Entebbe nako kuna kituo cha elimu ya wanyamapori, UWEC, kilichoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama waliopoteza mama zao na kugeuzwa kituo cha elimu mwaka 1994, na bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898 kando ya ziwa. Kwa somo la biolojia ni hazina. Mtoto wa Busia anayemjua simba kwa hadithi humwona akipumua, na humwona pia yule ndege mkubwa wa kijivu wa vinamasi vya Mabamba, mwenye mdomo mpana kama kiatu, akisimama bila kutikisika kwa muda mrefu kuliko subira ya darasa zima. Hapo hakuna kugusa, na haifai kuwepo. Jicho ndilo linalofanya kazi.

Sasa gharama yake, nami sisemi fedha peke yake. Kutoka Busia hadi Kampala ni karibu kilomita 200, na watoto huamshwa kabla ya alfajiri, hufika wakiwa wamechoka kutokana na msongamano wa Mukono, na huwa na muda mfupi kabla ya dereva kuanza kuhesabu saa za kurudi. Mwelekezaji mmoja akiwa na watoto sitini, wa mbele ndio wanaosikia na wa nyuma wanafuata migongo ya wenzao. Aliye na swali hana nafasi ya kuliuliza, na kesho yake amerudi darasani mbali na kitu alichotaka kukiuliza. Kamati ikichagua safari, naishauri ipunguze vituo: Makumbusho ya Taifa peke yake kwa siku nzima, au Entebbe peke yake. Ratiba yenye vituo vitano huwapa watoto picha za simu na usingizi.

Zipo shule zinazoendelea hadi Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, ambako ikweta inakatiza njia na pana mabeseni matatu ya maji: moja kaskazini mwa mstari, moja kusini, na moja juu ya mstari wenyewe. Mwonyeshaji humimina maji, huweka ua juu yake, na watoto huliona likizunguka huku upande mmoja, kule upande wa pili, na penye mstari likishuka moja kwa moja. Nawaomba walimu wasilipite jambo hili hivi hivi. Nguvu ya Coriolis, inayotokana na mzunguko wa dunia, ipo kweli, nayo ndiyo inayozipa tufani za baharini mwelekeo wake. Lakini penye ikweta ni sifuri, ndiyo maana tufani hizo hazizaliwi karibu na mstari huo, na hatua chache kutoka hapo bado ni ndogo mno kuweza kuyageuza maji ya beseni. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, huko Massachusetts, mbali sana kaskazini mwa ikweta, alihitaji tangi lenye upana wa karibu mita 1.8 na kuyaacha maji yatulie kwa saa 24 ndipo athari hiyo ionekane. Kinachoyazungusha maji ya Kayabwe ni namna yalivyomiminwa. Basi mwalimu amwombe mwonyeshaji, kwa heshima na kwa kumlipa haki yake, amruhusu mtoto mmoja ayamimine maji kutoka upande mwingine wa beseni, kisha ayaache yatulie kabisa kabla ya kuzibua tundu, na darasa zima litazame kinachotokea. Watoto watakaofanya hivyo watakuwa wamefanya sayansi kamili mahali ambapo wenzao walionyeshwa tu.

Jinja iko njiani, na kuipita bila kusimama ni hasara. Bwawa la Nalubaale, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1954, linaweza kueleweka vizuri sana, lakini kwa sharti nitakalolieleza nitakapofika kwenye chumba.

Sanduku au gari linalozunguka

Njia ya pili ni kuleta vifaa walipo watoto. India ndiyo iliyonifanya niiheshimu njia hii: makumbusho ya viwanda na teknolojia ya Birla mjini Kolkata, yaliyofunguliwa mwaka 1959, yalianza mwaka 1965 kupeleka vijijini basi lenye vifaa vya sayansi, na tangu hapo mabasi ya aina hiyo yamekuwa sehemu ya kawaida ya makumbusho ya sayansi ya nchi hiyo. Kwetu Uganda, Fundi Bots, shirika lililoanzishwa mwaka 2011, limekuwa likifundisha roboti na sayansi ya vitendo katika shule, na vijana waliopita mikononi mwake wamejenga vitu ambavyo zamani waliviona kwenye televisheni tu.

Sanduku lina faida ya haki. Mtoto ambaye mzazi wake hakuweza kulipa nauli hubaki nyumbani siku ya safari. Siku ya sanduku yumo darasani pamoja na wengine. Vifaa navyo vimekuwa rahisi. Hadubini ya karatasi iitwayo Foldscope, iliyobuniwa na Manu Prakash na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford na kutangazwa mwaka 2014, hukunjwa kwa mkono, huingia katika bahasha, na malighafi yake iligharimu chini ya dola 1. Ukichota maji ya dimbwi nyuma ya darasa na kuweka tone moja chini ya hadubini ya namna hiyo, viumbe vinavyohangaika humo vinatosha kubadili mawazo ya mtoto kuhusu maji ya kunywa yasiyochemshwa.

Udhaifu wake ni kwamba sanduku huondoka. Linakuja Jumanne, linafurahisha, Jumatano halipo, na mwalimu anabaki na ubao na chaki huku watoto wakimwuliza maswali ambayo majibu yake yamepakiwa kwenye gari. Kwa hiyo thamani ya njia hii inategemea kile kinachobaki. Mpango wa SESEMAT, ulioanza mwaka 2005 kwa ushirikiano na Japani ili kuwaimarisha walimu wa sayansi na hisabati wa sekondari, ulisisitiza jambo hili kwa walimu wenyewe: tumia vitu vilivyo karibu nawe. Kamati inayoalika sanduku iweke masharti mawili ya maandishi, kwamba walimu wa shule wafundishwe kwanza kabla ya watoto, na kwamba angalau kifaa kimoja kijengwe hapo hapo na kuachwa. Shirika lililo makini litakubali bila kusita. Lisilokubali linatafuta picha za ripoti yake.

Chumba cha mtaani

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa ndiyo njia isiyo na mfano mwingi mbele yetu na ambayo watu huihukumu kabla ya kuielewa. Neno makumbusho huwafanya wafikirie marumaru na viyoyozi. Mimi nazungumzia chumba kimoja kikubwa cha matofali na mabati, chenye milango miwili, meza imara, vifaa kumi au kumi na viwili, na ua wa nyuma wenye kivuli. Vifaa hivyo havihitaji kuagizwa ng'ambo. Mafundi wa kuchomelea waliopo kila mji wa Uganda, kama wale wa Katwe jijini Kampala wanaotengeneza mashine za popkoni, za kukoboa na za kufyatulia matofali kwa kuangalia tu, wanaweza kujenga karibu kila kitu nitakachokitaja.

Chukua kiti cha kuzunguka. Fundi anakata bomba, anafunga beringi kuukuu ya gari chini ya kiti cha chuma, na kiti kinazunguka kwa kusukumwa na kidole. Kando yake kuna gurudumu la baiskeli lililowekewa vishikio viwili kwenye ekseli. Mtoto anaketi, miguu imeinuliwa, anashika vishikio kwa mikono miwili, na mwenzake analizungusha gurudumu kwa kasi likiwa limesimama wima. Anapolilaza ubavu, kiti kinaanza kuzunguka naye, na hakuna aliyemsukuma. Mara ya kwanza anacheka na kuita wenzake. Mara ya pili analilaza upande mwingine na kugundua kwamba kiti kimegeuza mwelekeo. Siku nyingine anarudi, anajaribu na gurudumu lisilozunguka, na kiti hakitikisiki. Huyo ameshaanza kufanya utafiti: amebadilisha jambo moja, ameacha mengine yalivyo, na ametazama tofauti. Mwaka utakaofuata, mwalimu atakapomwambia kwamba mzunguko haupotei hivi hivi, huhama kutoka kitu kimoja kwenda kingine, atakuwa na kumbukumbu ya mikononi ya kulishikiza neno hilo. Na hili halikuwezekana katika ziara ya siku moja, maana foleni ya watoto sitini humpa kila mmoja zamu moja ya kucheka.

Kifaa cha pili ambacho ningekiweka mlangoni ni mota kuukuu ya feni ya gari, iliyofungiwa mpini wenye giya za kuongeza kasi, na balbu ndogo tatu zenye swichi. Ukizungusha kwa balbu moja, mkono unakwenda kwa urahisi. Washa ya pili, mpini unakuwa mzito. Washa ya tatu, jasho linatoka. Umeme, ambao kwa watoto wengi ni kitu kinachokuja na kukatika kwa matakwa ya wakubwa, unakuwa kazi ya misuli inayoweza kuhisiwa. Na hili ndilo sharti la Jinja nililolitaja: mtoto aliyekwisha kuuzungusha mpini huu anapofikishwa Nalubaale huuona mto ukifanya kazi aliyoifanya yeye kwa mkono, na maswali yake kwa mhandisi wa bwawa huwa ya maana. Chumba kikitangulia, safari inanona. Safari ikitangulia bila chumba, bwawa linabaki kuwa ukuta mkubwa wenye kelele.

Sijaeleza bado kona ya giza, nayo ni rahisi kuliko vyote. Toboa tundu dogo kwenye ukuta wa chumba kisicho na dirisha, tundika shuka jeupe upande wa pili, na mtaa mzima utaonekana juu ya shuka hilo kichwa chini miguu juu, bodaboda zikipita kuelekea upande ulio kinyume, kwa kuwa mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka na unaotoka juu hulazimika kuishia chini. Ukilipanua tundu, picha inang'aa zaidi lakini inakosa ukali. Watu waliokulia katika nyumba za mabati tayari wanayajua haya bila kujua kwamba wanayajua: vile viduara vya mwanga vinavyoangukia sakafuni kutoka kwenye matundu ya misumari ni picha za jua. Tarehe 3 Novemba 2013, kupatwa kwa jua kulipopita kaskazini mwa nchi na watu wa Pakwach wakaliona jua likifunikwa lote, katika maeneo mengine viduara hivyo viligeuka kuwa hilali ndogo ndogo sakafuni na chini ya miti. Babu au nyanya aliyeyaona hayo anaweza kuketi katika kona hiyo akawasimulia wajukuu, na hapo chumba kinakuwa cha jamii kwa maana halisi.

Jambo hilo la watu wazima ndilo linalonifanya niitetee njia hii kwa moyo wote. Wilaya ya Busia ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, na wengi wao hutumia zebaki kuinasa dhahabu, kisha huichoma wazi ili zebaki itoke. Mvuke wake haunuki, hauonekani, na unadhuru mishipa ya fahamu na figo, na huwadhuru zaidi watoto walio tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi zipunguze matumizi hayo, lakini mkataba haumfundishi mtu aliyeinama juu ya jiko la mkaa. Chumba cha sayansi kinaweza kumfundisha bila kuigusa zebaki hata kidogo: sufuria iliyofungwa, bomba lililopinda, kitambaa chenye maji baridi juu ya bomba, na mvuke wa maji ya kawaida ukigeuka kuwa matone yanayodondoka kwenye kikombe upande wa pili. Mchimbaji akiona matone hayo na kuyahesabu mwenyewe, ataelewa kile chombo cha kunasia mvuke wa zebaki kinafanya nini, na ataelewa pia kwamba bila chombo hicho matone yale yanaingia kifuani mwake na kwa mkewe aliyeketi karibu. Sijaona njia nyingine, kati ya hizi tatu, inayoweza kulifikisha somo hilo kwa mtu huyo.

Ugumu wa chumba uko katika utunzaji, na kamati isidanganyike. Vifaa vinavyoshikwa huvunjika. Visivyovunjika huenda havishikwi. Kifaa kilichofunikwa kwa karatasi ya kusema kimeharibika humfundisha mtoto kwamba sayansi ni ya watu wengine. Kwa hiyo fungu la matengenezo lipangwe kabla ya fungu la rangi na ufunguzi, sanduku la vifaa vya fundi likae chumbani, na kijana mmoja au wawili waliomaliza kidato cha nne walipwe, hata kama ni kidogo, wawepo saa zote ambazo mlango uko wazi. Kujitolea bila malipo hudumu muhula mmoja. Kazi yao haitakuwa kuhubiri majibu, watauliza tu, "Unadhani itakuwaje ukifanya hivi?", kisha wataondoa mikono yao.

Zikiwekwa pamoja

Kwa upande wa fedha, safari hula zote kwa siku moja na mwaka unaofuata mnaanza tena kuchangisha. Sanduku ni nafuu kwa shule, lakini ratiba iko mikononi mwa wengine. Chumba ni kizito mwanzoni, kisha mzigo wake unakuwa mdogo lakini wa kila mwezi, na mzigo mdogo wa kila mwezi ndio unaozishinda kamati nyingi. Kikundi kisicho na mweka hazina mwaminifu na utaratibu wa vikao kisianze chumba. Kianze na sanduku.

Kwa upande wa lugha tofauti ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kampala na Entebbe maelezo mengi ni kwa Kiingereza, na mwelekezaji akilainisha atatumia Kiganda. Mtoto wa darasa la nne wa Busia, anayezungumza Kisamia au Kiteso nyumbani na Kiswahili sokoni, hupoteza nusu ya somo akitafuta maana. Baraza la Mawaziri lilikubali mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, na chumba cha mtaani ni mahali pazuri pa kuitumia lugha hii kwa fizikia na kemia bila kusubiri vitabu: maandishi ya ukutani kwa Kiswahili na Kiingereza, maongezi kwa lugha yoyote inayomfaa aliyeketi kwenye kiti. Kwa makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali, ambako familia nyingi za Kongo huzungumza Kiswahili, hoja hii ina uzito maradufu, na umbali nao unaifanya safari kuwa ndoto.

Kuhusu mitihani nitakuwa mfupi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, ambao watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa UCE, ule wa mwisho wa kidato cha nne, mwaka 2024, unatenga asilimia 20 ya alama kwa tathmini inayofanywa shuleni, na unadai miradi ya wanafunzi. Safari inaweza kuzaa ripoti nzuri. Mradi, unaojengwa, kuharibika na kurekebishwa kwa wiki kadhaa, unahitaji mahali pa kurudi.

Kwa hiyo, ningekuwa mjumbe wa kamati ya sekondari yenye maabara inayofanya kazi na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, ningechagua safari, lakini ya kituo kimoja na yenye maswali yaliyoandikwa wiki mbili kabla. Shule ya msingi ya kijijini iliyo mbali na lami, ambako watoto hawawezi kufika mjini Jumamosi, ichague sanduku na ilishikilie lile sharti la kifaa kinachobaki. Miji kama Busia, Malaba, Tororo, Mbale, Arua au Bombo, yenye shule kadhaa zinazoweza kuchangia kwa pamoja, soko linalowaleta watu wa vijijini kila wiki na mafundi walio karibu, naishauri iache kukodi mabasi kwa miaka miwili na iziweke fedha hizo katika chumba.

Watakaochagua chumba wasianze kwa kutafuta jengo. Wampe fundi mmoja wa kuchomelea kazi ya kutengeneza kile kiti na ule mpini wa balbu, waviweke chini ya mwembe karibu na soko siku mbili tatu za mnada, na mtu mmoja aketi pembeni na daftari aandike mambo mawili: nani aliyerudi mara ya pili, na ni kipi kilichovunjika kwanza. Daftari hilo ndilo lipelekwe kwenye kikao cha kuomba chumba kwa halmashauri ya mji.